Tangazo la hisia, la taarifa au la hadithi: lipi libebe biashara yako hapa visiwani?

Hii ni kwa wale wanaouza vitu kwenye stetasi na Instagram, kuanzia Nungwi mpaka Mkoani, wenye sabuni za mwani, udi, abaya, keki za harusi, vyumba vya wageni, na kila wakikaa kuandika kepsheni wanakwama pale pale: niandike maneno matamu yamguse mtu moyo, au niweke bei na saizi na namba ya simu basi? Na siku hizi kuna na hii ya tatu, ya kusimulia kisa cha mtu mmoja, watu wanaipenda mno. Nimeona watu wanabishana hasa juu ya hili, mmoja anasema bila hisia huuzi kitu, mwengine anasema watu wamechoka na maneno matamu wanataka bei tu. Mie naona kila mmoja anazungumzia bidhaa yake na wateja wake, ndo mana hawasikilizani.

Ninachokijali zaidi ni kwamba visiwa vyetu ni vidogo. Aliyenunua kwako leo kesho mtakutana Darajani, keshokutwa msibani, Ijumaa harusini. Kila neno zuri ulilolitia kwenye tangazo ni deni, na kinacholipa hilo deni ni kile kitu kilichomo ndani ya kifurushi. Basi tusome haya yote tukilikumbuka hilo.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Bila vipimo kila mtu atavutia upande wake, kwa hivo nachukua vinne. Cha kwanza ni kumsimamisha mtu, mana stetasi ya WhatsApp inakaa masaa 24 tu na watu wanazipitisha kwa kidole gumba huku wanasubiri daladala. Cha pili ni kumfikisha kwenye oda, yaani akishasimama anajua afanye nini, au anabaki na maswali kumi ya kukuuliza inboksi. Cha tatu ni jina lako baada ya miezi sita, akirudi anarudi na shoga yake au anarudi kulalamika. Cha nne ni kazi yenyewe ya kuandika, mana wengi wetu hatuna mtu wa matangazo, unaandika huku sufuria liko jikoni.

Nitachukua bidhaa moja ili tuone vizuri: sabuni ya mwani. Mwani unalimwa Zanzibar kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi ni kina mama, na siku hizi vikundi vingi vinatengeneza sabuni wenyewe badala ya kuuza mwani mkavu peke yake. Sasa tizama sabuni moja, matangazo matatu.

La hisia: «Umejisahau mda mrefu, mama. Leo jipe dakika tano zako peke yako, na harufu ya mlangilangi ikukumbushe siku uliyotoka chumbani umepambwa.»

La taarifa: «Sabuni ya mwani na mafuta ya nazi, gramu 100, haikutiwa rangi. Ipo ya mlangilangi, ya mdalasini na ya mchaichai. Moja 4,000, tatu 10,000. Tupo Jambiani, mjini tunaleta Jumatatu na Alkhamisi. WhatsApp namba hii.»

La hadithi: «Bi mkubwa wa kikundi chetu ameanza kulima mwani watoto wake wako skuli ya msingi, sasa ana wajukuu. Maji yakitoka anaingia na kamba zake, yakirudi anatoka. Sabuni hii ameikata yeye mwenyewe.»

Maneno ya hisia

*Kumsimamisha mtu.* Hapa ndo penye nguvu zake. Mtu anaepitisha stetasi hatafuti sabuni, kachoka tu, na neno «umejisahau» linamkuta pale pale alipo. Na tukumbuke sisi ni watu tuliolelewa na maneno. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na mama akenda dukani hata akiipenda rangi hatoi pesa mpaka alisome lile jina, mana ndo litakalomsemea kwa mume, kwa jirani, kwa aliyemkosea. Taarab ni hivo hivo, mtu anatoka kitini anakwenda kutunza kwa sababu ya ubeti mmoja uliompata. Lakini hapo hapo pana funzo jengine, msomaji wa Unguja na Pemba amezoea hisia zije kwa fumbo. Ukimwandikia «utalia kwa furaha ukiivaa abaya hii» anaona unamlazimisha, wakati ukimwandikia «wataouliza umeinunua wapi waambie umeletewa» anacheka, anaelewa, anabonyeza.

*Kumfikisha kwenye oda.* Hapa linalegea. Rudi kwenye lile tangazo letu la sabuni, halina bei, halina pahala, halina saizi. Litapata nyoyo nyingi nyekundu na maswali mengi ya «bei gani dada?», na wale wenye haya ya kuuliza wanapita zao, na wenye haya ni wengi kuliko tunavofikiri.

*Jina lako.* Hapa ndo ninapotaka tukae. Hisia si kitu kimoja. Kuna hisia ya fahari, ya mapenzi, ya hamu ya nyumbani (mwambie Mzanzibari aliyeko Muscat au London neno «halua ya Wete» uone), na kuna hisia ya hofu na haraka. Hizi za mwanzo zikiwa za kweli zinajenga. Huko Marekani mwaka 1947 mwandishi wa matangazo anaeitwa Frances Gerety aliiandikia kampuni ya almasi ya De Beers sentensi moja fupi kwamba almasi ni ya milele, sentensi isiyotaja bei wala uzito wala kipimo, na mpaka leo bado inatumika, kwa sababu ilifungwa na kitu ambacho watu tayari wanakitaka kwenye ndoa.

Hofu na haraka ni mambo mengine. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binaadamu anaumia zaidi kwa kupoteza kuliko anavofurahi kwa kupata cha thamani ile ile, na wauzaji wote duniani wameshika hapo: «zimebaki mbili tu», «ofa inaisha usiku huu». Ikiwa kweli zimebaki mbili sema, unamsaidia mtu. Ikiwa kabati limejaa na unaandika zimebaki mbili, huo ni uongo, na wiki ijayo yule yule mteja ataona umeweka tena zimebaki mbili. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanamtia mtu hofu ya ngozi yake, ya mume kumkimbia, ya mtoto kutofika skuli vizuri. Hilo silipendi kabisa na sioni udhuru wake.

Sisi tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini pameroa, muuzaji akasema mvua imekinyeshea, akaambiwa kwa nini hukukiweka juu watu wakione, na kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Basi tangazo nalo lina juu na lina chini. Na viapo pia, unaona mtu kaandika «wallahi hutojuta» kwenye kila posti, wakati tumefundishwa kwamba kiapo kinatoa bidhaa lakini kinaondoa baraka.

*Kazi ya kuandika.* Ni ngumu kuliko inavoonekana. Sentensi moja ya hisia iliyo safi inaweza kukuchukua asubuhi nzima, na ukiiga ya mwenzako inajulikana.

*Linamfaa nani.* Anaeuza kitu ambacho mtu anakinunua kwa moyo wake: udi, vikuba, mapambo ya harusi, zawadi za Iddi, abaya. Na anaeuza kwa watu waliokuwa wanamjua tayari, mana wale wasiokujua wanataka ushahidi kwanza.

Maneno ya taarifa

*Kumsimamisha mtu.* Watu wanasema taarifa haisimamishi mtu, na kwa aliyekuwa hakitafuti kitu hicho ni kweli. Lakini mtu ambae friji lake limekufa wiki ya kwanza ya Ramadhani na yuko Fuoni, ukiandika «fundi friji, nafika Fuoni leo, kuangalia tu 10,000», hilo kwake ni tangazo tamu kuliko shairi. Anaetafuta anasimama mwenyewe.

*Kumfikisha kwenye oda.* Hapa hakuna wa kulishinda. Bei, saizi, pahala, siku, namba, basi. Meseji ya kawaida ya simu ina herufi 160 na vyote hivo vinaingia, tena herufi zinabaki. Mie bado sielewi kwa nini watu wanaficha bei, wanadhani mteja akija inboksi atashawishika, kumbe wengi wanahisi kuna bei ya huyu na bei ya yule.

*Jina lako.* Linakaa vizuri, kwa sharti taarifa iwe ni taarifa. «Ubora wa hali ya juu» si taarifa, hilo ni neno la hisia lililovaa suti. Taarifa ni gramu 100, ni mafuta ya nazi, ni alama ya ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar) kama kweli unayo. Na kwenye vitu vya mwili kuwa makini sana. Mafuta ya makonyo kutoka kile kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yana eugenol nyingi (ile inayoyapa harufu ya karafuu), hiyo ni kweli na unaweza kuiandika. Kuandika kwamba yanatibu kisukari si taarifa tena, na kuna mtu ataacha dawa zake za hospitali kwa sababu ya kepsheni yako.

*Kazi ya kuandika.* Nyepesi kuandika, kazi iko kwenye kuzikusanya hizo taarifa. Wengi wakiambiwa waandike taarifa za bidhaa yao wanagundua hawaijui, haijapimwa, haijulikani inakaa miezi mingapi.

Ila kuna daraja ya juu ya taarifa ambayo watu hawaifikirii. Mwaka 1958 mwandishi wa matangazo David Ogilvy aliandika tangazo la gari ya Rolls-Royce, kichwa chake kinasema kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ile mpya inatoka kwenye saa yake ya umeme. Hakuna neno «anasa» hapo, hakuna «ota ndoto», kuna mwendo, kuna sauti, kuna saa, na ukisoma tayari unajiona umekaa ndani kimya. Yaani taarifa moja ukiichagua vizuri inazaa hisia yenyewe bila ya wewe kuitaja. Kwenye sabuni yetu inaweza kuwa «inakatwa kwa waya, inakaushwa wiki nne kabla haijauzwa», ikiwa ndo mnavofanya. Msomaji anamaliza mwenyewe: hawa hawana pupa.

*Linamfaa nani.* Mafundi, maduka ya vifaa, matangi ya maji, sola, usafiri, na yeyote anaeuza kwa mtu wa mbali ambae hakujui na anaogopa kutapeliwa.

Hadithi ya mtu mmoja

*Kumsimamisha mtu.* Inasimamisha, tena inamkalisha, akishaanza anataka kujua yule bi mkubwa alikuaje. Kuna jaribio mashuhuri lililochapishwa mwaka 2007 huko Marekani, la watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic. Watu walikuwa na dola 5 wakaombwa kuchangia wenye njaa. Waliosomeshwa habari za mtoto mmoja tu, msichana wa Mali anaeitwa Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya watu walitoa 1.14. Na waliopewa vyote viwili, mtoto pamoja na takwimu, walitoa 1.43. Hiyo ya tatu ndo ya kuizingatia, ile takwimu haikuiongezea nguvu hadithi, iliipoza.

*Kumfikisha kwenye oda.* Lile jaribio lilikuwa la mchango, si la kununua, tusichanganye. Anaechangia haulizi gramu ngapi. Anaenunua atapenda hadithi ya bi mkubwa na bado atauliza bei, kwa hivo bei iweke mstari wa mwisho au kwenye picha ya pili, usiitie katikati ya kisa.

*Jina lako.* Inajenga kuliko zote mbili na inaweza kukubomoa kuliko zote mbili. Hadithi ikiwa ya kutunga, Jambiani nzima inajua kwamba hakuna bi mkubwa kama huyo. Ikiwa ya kweli, kuna swala la ruhusa. Mama yuko baharini kakunja kanga yake mpaka magotini, kalowa, wewe unampiga picha na kumtia mtandaoni dunia nzima imuone, je umemuuliza? Umuonyeshe ile picha, umsomee na maneno uliyoyaandika, akisema hapana basi ni hapana. Unaweza kupiga mikono yake tu na kamba ya mwani, picha za mikono zinasema sana. Na ikiwa kisa cha mtu ndo kinauza sabuni, basi huyo mtu apate fungu lake.

*Kazi ya kuandika.* Kubwa. Inataka ukae na mtu, usikilize, uandike, urudi kumuuliza.

*Inamfaa nani.* Vikundi, ushirika, kazi za mikono, michango ya visima na madrasa, na biashara za familia.

Vyumba vya wageni: pahala ambapo vyote vitatu vinagongana

Nataka tukae kidogo hapa kwa sababu vijana wengi wa pwani ya mashariki wanaandika matangazo haya. Maneno yanayopendwa ni «amka na bahari mlangoni». Mazuri, yanagusa. Lakini Paje, Jambiani, Bwejuu, maji yakipwa bahari inakwenda mbali sana, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na ukiwa mpevu, ndo inakwenda mbali zaidi. Mgeni kalipa, kasafiri, kafungua mlango saa 4 asubuhi anakuta mchanga, majani na vigingi vya mwani mpaka upeo wa macho, na hakuna aliyemwambia. Anaandika rivyuu ya hasira na kwa upande wake ana haki.

Sasa mwenzake anaandika: «Hapa bahari inaondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa 6, na kila siku saa zinasogea mbele kiasi ya dakika 50, tutakubandikia saa zake mlangoni. Ikijaa utaogelea, ikitoka utatembea kwa miguu mpaka wanapolima mwani.» Taarifa ile ile iliyomkasirisha yule wa kwanza imekuwa ndo sababu ya huyu kuja. Na yule anaetaka kuogelea saa zote utamwambia kweli kwamba Nungwi na Kendwa ndo kunamfaa zaidi, utakosa chumba kimoja lakini hutopata rivyuu mbaya. Tena malizia na mambo ya safari: tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kukata bima ya Zanzibar ya dola 44, wengi hawajui mpaka wafike, ukimwambia mapema tayari umeshakuwa mwenyeji wake.

Ninavoona, kwenye vyumba hisia zichukue mstari wa kwanza, taarifa zichukue mwili wote, hadithi ikae kwenye posti nyengine.

Sasa wewe uko wapi?

Ukiwa mpya na hakuna anaekujua, anza na taarifa, hata ikiwa unauza udi. Mtu wa Wete hawezi kutuma pesa kwa mtu wa Magomeni kwa sababu ya ubeti mzuri. Ukishakuwa na wateja wanaorudi ndo uanze kuwaimbia.

Ukiwa unauza kitu cha harusi au Iddi na wateja unao, hisia iongoze, fumbo kuliko wazi wazi, na bei iwepo kwenye picha.

Ukiwa fundi au una duka la vifaa, usijisumbue na hisia, andika unafika wapi, saa ngapi, kwa kiasi gani. Ukitaka kuongeza kitu ongeza picha ya kazi uliyoimaliza, ile ya kabla na baada.

Ukiwa unauza kwa ndugu zetu walioko nje, halua, vileja, mdalasini, hamu ya nyumbani inatosha kumsimamisha, huna haja ya kuikoleza. Kinachomkwamisha yeye ni namna ya kufika: kilo ngapi, inafungwaje isivuje, inakaa siku ngapi bila friji, nani anaondoka nayo na lini.

Ukiwa umekwama hasa baina ya mawili, bidhaa moja iandikie vyote viwili, hili wiki hii na lile wiki ijayo, siku ile ile na saa ile ile, usilinganishe stetasi ya Ijumaa baada ya sala na ya Jumatatu asubuhi. Alafu hesabu oda zilizolipwa, mana laiki zitakudanganya, tangazo la hisia litashinda kwa laiki karibu kila mara.

Na ukiwa unakusanya mchango wa kisima au wa paa la madrasa, chukua kisa cha mtu mmoja kwa ruhusa yake, kwa heshima, bila kumdhalilisha, na usikijazie takwimu za wilaya nzima. Weka kiasi kinachohitajika na kiasi kilichofika, ukisasishe kila siku. Na paa likishaezekwa warudishie picha wale wale waliochangia, pamoja na hesabu ya mabati na misumari mpaka shilingi ya mwisho.